Mke Wangu, Orrin na Ritani za Miaka Mitatu

Siku niliyomfumania mke wangu na mwanaume mwingine, mwanaume mwenyewe alinivutia kiti nikae.

Naitwa Verlin. Naendesha gari la kusukuma theluji hapa Dubuque, Iowa, na nakiri mapema: nina wivu. Ule wa kukagua gari la mke limetembea maili ngapi.

Mke wangu Marlys anasafisha meno ya watu kliniki. Ghafla akaanza kuchelewa kila Jumanne.

Nikiuliza, "Kazi."

Kazi gani na rangi ya mdomo? Mdomo wenyewe kutwa uko ndani ya barakoa!

Halafu nikaona ujumbe kwenye simu yake: "Usimwambie mumeo kwanza. Tuonane palepale. Orrin."

Jamani! Chakula kilinishinda. Nikasema leo ndiyo leo.

Nikamfuata hadi mgahawani. Nikawakuta kona, vichwa vimekaribiana. Nilipiga meza kahawa ikamwagika.

"Malaya mkubwa wewe! Kumbe ndiye huyu!"

"Verlin, kaa chini. Watu wanatutazama."

"Wakutazame! Si ndicho unachotaka?"

Ndipo nikamwangalia vizuri huyo mgoni wangu. Mzee wa miaka sabini na kitu, kifaa cha kusikia sikioni. Akanivutia kiti.

"Keti bwana. Mimi nawajazia watu ritani za kodi, zile fomu za mapato za kila mwaka. Pai ya hapa tamu, usinywe kahawa tu."

Mezani kulikuwa na karatasi za akaunti ya kustaafu ya Marlys. Miaka mitatu amekuwa akiweka akiba yake humo. Kumbe hakuruhusiwa kuweka hata senti.

"Kisa?" nikauliza.

"Kisa mnajaza ritani kila mtu yake," Orrin akasema. "Mke na mume wa nyumba moja wakijaza kila mtu yake, mwenye mshahara kama wake haruhusiwi akaunti hii. Na kila mwaka hela zikikaa humo, faini. Nani aliwashauri?"

Nikaanza kufuta kahawa mezani.

Ni mimi. Marlys ananizidi mshahara, na mimi nilimdanganya kwamba namzidi. Niliogopa akijua atatafuta wa hadhi yake. Ritani ya pamoja ingeniumbua.

"Dawa ipo," mzee akaendelea. "Turekebishe ritani zote tatu ziwe za pamoja, faini ifutike. Ila ile ya kwanza mwisho wa kuirekebisha ni wiki ijayo. Na lazima nawe usaini, mapato yako yakiwa wazi."

Mnajua nilihisi nini? Raha! Mke wangu hana mtu! Kuumbuka kwa mshahara kukawa kitu kidogo.

"Lete kalamu, mpenzi wangu, nisaini hata zote leo."

Marlys akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Jana ungesaini, Verlin. Miezi miwili nakuja hapa namuuliza mzee wa watu nikwambieje usilipuke. Leo umeniita malaya mbele ya majirani zangu."

"Hasira tu, mama. Nisamehe."

Akamgeukia Orrin.

"Zile za nyuma usizirekebishe. Nitatoa hela zilizoingia kimakosa, na faini nitalipa."

"Ni hela nyingi, Marlys."

"Nalipa. Sasa nambie, nikihama kwake?"

Orrin akanitazama kwa huruma, kisha akajibu polepole. "Ukiishi mbali naye mwaka mzima, sheria inakuhesabu kama uko peke yako. Akaunti yako utaendelea nayo."

"Basi mwaka huu nauacha upite. Januari itanikuta kwangu."

Akachukua mkoba, akalipia kahawa niliyomwaga, akatoka. Alihama Jumamosi. Nilimbebea masanduku mwenyewe.

Wenye wivu wenzangu, ukimpeleleza mkeo umtafute mwanaume anayemharibia maisha, jiandae. Unaweza kumpata, na akawa wewe.