Kondoo Dume Aliyeahidiwa kwa Idi

Asumini binti Yuma alizaliwa Ndosho, mtaa wa Goma, kwa baba aliyeleta mafuta ya mawese kutoka Kasongo kwa lori mpaka barabara ikafa, kisha akalitengeneza lori hilo hilo uani kwake hadi alipokufa yeye. Katika ukoo huo kondoo alijulikana kama nyama ya Idi na si kitu kingine. Kwamba mtu angeweza kumwinamia kondoo akamkamua lilikuwa jambo la kuchekesha, na Asumini alilicheka kama wengine.

Aliolewa Mugunga, akazaa, akafiwa na mume. Akabaki kwenye parseli, kiwanja cha ukoo wa mume, maana yake alibaki kwa ruhusa ya shemeji yake, Papa Aboubacar, mtu mpole sana pale ambapo hakuna anayempinga.

Maziwa ya ng'ombe kutoka Masisi yalipoanza kufika mjini kwa bahati, kulingana na nani ameshika barabara wiki hiyo, shirika moja liliamua kwamba Goma inahitaji kondoo wa maziwa. Likaleta majike waliochanganywa damu, na dume mmoja mwenye mgongo kama meza. Likaandaa formasio, mafunzo ya kukamua, katika hoteli ya kando ya ziwa. Walioitwa ni wanaume wa familia za wafugaji, kwa sababu kwao kukamua ni kazi ya mwanaume. Mwanamke hatii mkono chini ya ng'ombe. Shirika liliheshimu mila. Hakuna aliyeuliza kama wanaume hao wangetia mkono chini ya kondoo. Walijifunza kwa kiwele cha mpira, wakapigwa picha nacho, wakala vizuri, wakarudi nyumbani. Kiwele cha kweli hakuna aliyekigusa.

Niyonsenga, veterinere kijana aliyetibu mifugo ya shirika hilo, alibaki na kondoo wenye viwele vilivyojaa na kikundi kilichoundwa kuwafuga, kisicho na mkamuaji. Akazunguka mtaa akitafuta yeyote. Asumini alikuja kwa sababu alikuwa na njaa, na kwa sababu, kwa kuwa si mfugaji, hakuwa na heshima ya kupoteza.

Alijifunza haraka na kwa ugomvi. Kunawa mikono, kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kukausha, kila kondoo na kitambaa chake, matone ya kwanza ndani ya kikombe cheusi, ili mabonge ya ugonjwa yaonekane, kubana chuchu kwa kiganja kizima bila kuivuta, mwishoni kuichovya ndani ya dawa ya iodini. Baada ya mwaka yeye ndiye aliyekuwa akifundisha wanawake wengine, na hakufundisha kwa upole. Généreuse, jirani yake, mwanamke wa Rutshuru aliyekuja Mugunga na kambi za wakimbizi wa vita na akabaki kambi zilipovunjwa, aliambiwa siku yake ya kwanza: "Mama, unavuta sawa kengele ya misa. Huyu kondoo hajakukosea kitu." Généreuse alicheka mpaka akamwaga ndoo. Akaambiwa aioshe, aanze upya.

Fromaje yao, jibini ya maziwa ya kondoo, ilianza kuuzwa. Kikundi kilihitaji prezidenti, na prezidenti alihitajika kuwa mtu mwenye kiti na sauti, kwa hiyo akawa Papa Aboubacar. Alikunywa chai ya maziwa ya kondoo kila asubuhi, baada ya kuhakikishiwa kila asubuhi kwamba ni ya ng'ombe.

Dume lile wanawake walilipa jina la Depite, yaani mbunge, kwa sababu lilikula bila kukoma na lilionekana kazini msimu mmoja tu kwa mwaka. Lakini kazi hiyo ilikuwa ndiyo yote. Majike waliopandwa na madume ya barabara ya Sake walizaa wana ambao, wakikua, walitoa maziwa ya kutosha ndimi za wana wao tu. Bila Depite, kikundi kingerudi kuwa wanawake wenye kondoo.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja, Aboubacar alikuja zizini Asumini akiwa anakamua. Akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba amemuahidi Hadji Abdoul yule dume. Hadji Abdoul ni mfanyabiashara wa vitenge huko Birere; alitaka kuchinja mnyama ambaye majirani wangemzungumzia. Walikuwa wameshapeana mkono.

Asumini hakusimama, jike halikuwa limekwisha kukamuliwa. Alimuuliza kama anajua dume ni wa kikundi.

"Dume haitoe maziwa," Aboubacar akasema. "Tunalisha ya nini?"

Asumini akamweleza. Alimweleza taratibu, kitu ambacho Généreuse anasema hakuwahi kukisikia kabla wala baada. Aboubacar akajibu kwamba atapatikana mwingine. Asumini akauliza atatua kwa ndege gani, uwanja wenyewe ukiwa umefungwa. Shemeji akacheka, akamwambia wanawake wakishika kondoo siku mbili wanajiona wamesoma, akaenda zake.

Alikwenda kwa komite ya kikundi. Komite ikasema hilo ni jambo la familia. Alikwenda kwa wazee wa familia. Wakasema hilo ni jambo la komite. Niyonsenga aliahidi kuandikia shirika ripoti, na aliandika. Lakini ofisi ilikuwa imefungwa tangu vita viingie mjini, na ripoti zote zilipokelewa na mlinzi, mtu mwaminifu aliyezipanga vizuri.

Kulikuwa na somo moja la formasio ambalo Asumini alikuwa amelikataa kwa miezi mingi: kuweka alama. Pete za plastiki za masikioni hazikufika, kwa hiyo Niyonsenga alitaka wajifunze kukata pembe ndogo ya sikio kwa koleo, kila mnyama na alama yake, ili ijulikane nani ni mwana wa nani. Asumini alikuwa amemjibu kwamba atakayekata sikio la kondoo wake ataanza na la kwake mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya kuamkia Idi alimtumia Niyonsenga mtu. Alete koleo, wako tayari kwa somo.

Niyonsenga, Mkristo wa Masisi, alifurahi, hakuuliza. Alipendekeza waanze na mmoja wa mfano. Asumini akasema hapana, wote. Généreuse alishika vichwa, wengine walishika miguu, iodini ya chuchu ikatumika kwenye masikio. Sikio la Depite alilikata Asumini mwenyewe. Généreuse anasema alilia wakati huo, lakini kwa hasira, na kwamba tofauti ilionekana kwa namna alivyobana koleo.

Alasiri Hadji Abdoul alifika na Aboubacar, na kamba mpya. Mnyama wa Idi sharti awe mzima: asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe amekatwa sikio. Hadji aliangalia meno, akasifu. Akapapasa mgongo, akasifu zaidi. Mkono ukapanda kichwani, ukasimama.

"Na hii?"

"Imekatwa leo," Asumini akasema. "Ni formasio."

Aboubacar akasema kwa haraka kwamba wako wengine, wazuri. Akashika jike la kwanza, akageuza sikio. La pili. Wa tatu alikuwa mwana-kondoo asiyefika goti. Alizunguka zizi lote akigeuza masikio, prezidenti kamili, huku wanawake wakimwangalia na hakuna aliyemsaidia hata kwa kumfungulia njia.

Hadji Abdoul hakupandisha sauti. "Papa Aboubacar, uliniita kuangalia nini?" Akapanda moto, pikipiki iliyomleta, akarudi mjini.

Ndipo Aboubacar akageuka. "Umenifanya mutu hana neno. Mbele ya Hadji."

"Neno ulilitoa peke yako, shemeji. Ulirudishe peke yako. Mimi nilikuomba wiki nzima, ukacheka. Cheka sasa."

Hakucheka. Alisema kwamba baada ya Idi watazungumza juu ya parseli, na nani anakaa ndani yake. Asumini akasema yupo, hana safari.

Siku ya Idi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakuletewa nyama. Alitoka kuswali, akakamua, akapika maharage, akala na Généreuse mlangoni. Juu ya parseli hakuna aliyekuja kuzungumza mpaka leo, na yeye hajafungasha hata sufuria.

Généreuse alimuuliza kama anajuta. Asumini akasema anajuta sana: katika masikio yote yaliyokuwa ndani ya zizi siku ile, alikata yale yasiyokuwa na kosa.