Injini Ndani ya Pipa

Mpaka leo sijui ni nani aliyetudanganya kwamba injini ya mashua inaweza kupimwa kwetu Eastlands, mtaa wa jijini, mahali ambapo maji mengi tuliyokuwa nayo ni ya mtaro. Lakini Jumamosi hiyo mume wangu aliitundika kwenye mdomo wa pipa, karibu na bomba la maji, na majirani wote wakatoka kutazama.

Mambo yalikuwa hivi. Bwawa jipya lilikuwa limefunika njia ya kule kwetu Ukambani. Binti yetu alikuwa akikaa kwa nyanya yake na kusoma darasa la saba, na ilibidi avuke maji kwa mashua kila asubuhi pamoja na wadogo zake wawili. Makasia yaliwachosha, wakifika shuleni wenzao wameshaanza. Basi mume wangu akapata injini kuukuu, ndogo, ya kufungwa nyuma ya mashua.

"Baba watoto," nikamwambia, "ukimpa mtoto kitu cha mbio juu ya maji, usije ukaniita matangani. Sitakuja!"

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira ilikuwa hofu tupu. Sijui kuogelea. Yeye pia hajui, na mtoto ndiyo kabisa.

"Nitaipunguza mbio," akasema.

Kazi yake ilikuwa kuchonga vinyago, twiga na vifaru wa kuuzia watalii. Akachonga kabari ya mti, akaifunga kwa waya kando ya kile kishikio kinachozungushwa kama cha pikipiki, ili kikifika nusu kigonge hapo, kikatae kwenda mbele. Hata msasa aliipiga. Ila sasa, nusu ni mbio kiasi gani?

Akawasha. Woi! Maji yakaruka, yakalowesha nguo zangu kwenye kamba na jirani yetu muuza makaa.

"Hii itamaliza watoto!" jirani akapiga kelele.

Mume wangu akachonga kabari nyingine, nene zaidi. Maji yakatikisika tu.

"Hii hata bata ataipita," akasema jirani yule yule.

Ebo! Unataka nini wewe? Vijana wakaanza kubishana, huyu anasema mashua ni nzito, yule anasema maji ya pipa ni machache. Mimi kichwa kilikuwa kinazunguka.

"Lakini pipa halijasonga," nikauliza. "Tutajuaje inaenda mbio?"

Wote wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeharibu kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda mashua.

Mwishowe nikachagua mimi, ile nene. Kwa nini, siwezi kueleza. Nadhani ni kwa sababu haikunilowesha nguo. Injini ikasafiri juu ya basi pamoja na mume wangu, nami nikamwagiza amwambie mtoto aende polepole.

Muhula mzima nililala vizuri. Upepo ukivuma usiku, najiambia, kabari ipo. Nikisikia redioni kwamba mito imefurika, kabari ipo. Haki ya nani, niliitegemea ile kabari kuliko maombi ya kanisani.

Likizo ilipofika binti akaja na wadogo zake, mweusi kwa jua, mikono imekomaa. Alikuwa akinisaidia kukata mboga ya sukuma nilipomuuliza, "Ile kabari inashika vizuri?"

"Kabari gani, mama?"

"Ya injini!"

"Aaa, ile! Ililowa ikavimba, ikabana kishikio, injini ikakataa kabisa. Nyanya akaing'oa kwa koleo, akachochea nayo moto wa chai."

"Lini?"

"Wiki ileile baba aliporudi huku."

Nikaketi juu ya ndoo. Mti ukilowa huvimba, na mchongaji mzima asijue! Lakini angejulia wapi, na twiga wake wanakaa kwenye kabati za Wazungu? Muhula mzima mtoto wangu alikuwa juu ya maji na wadogo zake, na injini isiyozuiwa na kitu. Sikujua nimchape, nimkumbatie, au nianze na baba yake. Nilitaka kucheka na machozi yalikuwa yameshafika.

"Sasa mlikuwa mnaendaje?"

Akaacha kisu, akanitazama. Swali langu lilikuwa limemchanganya.

"Polepole, mama. Si ulisema?"