Jino Linaloniuma Halimo Kinywani

Leo daktari wa meno hapa Kasulu ameshindwa kuning'oa jino, kwa sababu jino lenyewe halipo.

Moyo wangu ni mgonjwa, sitawaficha. Siku zangu zimebaki chache, na nilitaka kufa kichwa hiki kinachoniuma miaka yote kikiwa kimetulia.

"Weka kidole panapouma, mzee," akasema daktari.

Nikaweka.

Akachungulia. Binti yangu Stella, aliyenisindikiza, akacheka: "Baba, hapo si pengo?"

Ndiyo, ni pengo! Jino la hapo niling'olewa zamani kule Kibondo, likiwa zima, maana kwetu kichwa kikisumbua watu husema ng'oa jino. Kichwa hakikupoa, kikazidi. Mpaka leo uji wa moto ukipita hapo, jino linashtuka.

Sikuwahi kumwambia mtu. Mwalimu mstaafu aseme anaumwa jino asilokuwa nalo?

Daktari hakucheka. "Hutokea, mzee. Jino linatoka, neva inaendelea kuuma. Huenda hata kuumwa kichwa kwako kunatokana na hilo, sina hakika."

"Basi ling'oe."

Akarudisha koleo kwenye trei.

Jamani, mnaosoma haya, nijibuni: nikizikwa, jino hilo nalo litakufa?