Mwenye Ngazi Ndani ya Lifti

Mume wangu ameigiza filamu zaidi ya elfu tatu, na uso wake haukuonekana hata katika moja. Najua mnavyofikiri. Hata siku alipowaambia waigizaji wenzake maneno hayo walicheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za kigeni kwenye banda la video. Alikaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi, na kila aliyefungua mdomo kwenye kioo, yeye ndiye aliyemsemea kwa lugha yetu. Jambazi yeye, polisi yeye, bibi kizee yeye, mtoto mchanga anayelia yeye. Watu wakampachika jina la Sauti Saba. Miaka kumi na sita aliwavunja watu mbavu pale, kisha kila mtu akawa na filamu zake kwenye simu, na banda likageuzwa stoo ya saruji. Yeye akahamia kwenye kochi letu. Kwa miaka miwili alikuwa anazima sauti ya taarifa ya habari na kuisoma mwenyewe, mpaka binti yetu mkubwa akawa anakwenda kwa jirani ili ajue ukweli wa mambo.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipopata kazi ya kushona na kupiga pasi nguo za waigizaji wa filamu moja ya vichekesho, nilimsikia mwongozaji, dada mmoja mwembamba asiyevua kofia, akilalamika kwamba amekosa mtu. Filamu ilihusu watu watano waliokwama ndani ya lifti, na mmoja wao aliingia na ngazi ndefu. Nilikuwa nimebana pini tatu mdomoni. Nikazitoa.

"Dada, mwenye ngazi ninaye nyumbani."

Nikamsifia mume wangu bila aibu. Maana yake, akiharibu yeye nimeharibu mimi.

Jumamosi asubuhi mwongozaji aliwakalisha waigizaji wake kwenye viti vya plastiki, kila mmoja aeleze kazi alizowahi kufanya. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Wa pili, muuguzi aliyekaa wodini miaka thelathini. Wa tatu, golikipa wa zamani, mikono kama sinia. Wa nne alikuwa mchekeshaji wa majukwaani ambaye sote tulimjua, na kila mtu alimwita Staa, hata mamake mzazi. Mume wangu akafuata na hizo filamu zake elfu tatu.

"Ulizichezea wapi?" Staa akauliza.

"Pembeni ya televisheni."

Wakacheka sana. Yeye akacheka nao, lakini nilimwona masikio yamemshuka.

Walipoanza kupiga picha, kila mtu aliingia lifti na kazi yake ya zamani. Mwalimu kila akianza kusema aliugeukia ukuta kama ubao. Muuguzi alishika viganja vya wenzake na kuwapima mapigo ya moyo. Golikipa, mlango ukifunguka, alitanua mikono na kuuziba wote. Mwongozaji aliwavumilia hao, hata akasema inapendeza. Ila mume wangu hakuvumilika. Alikuwa na sentensi tatu tu za kwake, lakini midomo yake ilifuata maneno ya kila mtu, tena mara nyingine sauti ikamponyoka kabisa. Staa anauliza swali, naye anamjibu kwa sauti ya muuguzi, na muuguzi hajafungua mdomo!

"Kata! Nani anatingisha midomo?"

Alikuwa yeye. Mara ya pili yeye, mara ya tisa yeye. Jioni mwongozaji akanivuta pembeni.

"Mama, nakuheshimu. Kesho saa tano akirudia tena, ngazi namkabidhi mlinzi wa getini."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamjaza mume wangu maji mdomoni ili midomo isicheze, nikawapanga watoto jikoni wasome maneno ya wenzake, naye asimame na ufagio badala ya ngazi. Maji yakaenda kwenye shati la binti yangu mdogo. Tulijaribu mara nne, na mara nne ikabidi tupige deki.

"Mke wangu," akasema, "nikimwona mtu anasema halafu mimi nimenyamaza, najiona kama nimelala kazini."

Hapo hasira iliniisha, nikabaki na huruma, na huruma haikuwa na msaada wowote.

Jumapili tulikuta mambo yamebana zaidi. Lifti ilikuwa ya jengo la ofisi, wenyewe wametuazima mpaka saa nane mchana, basi. Na mwongozaji alitaka tukio lote la dakika nane lipigwe kwa mkupuo mmoja, bila kukatiza. Mume wangu akabuni dawa yake: akasimama nyuma kabisa, uso ameuficha nyuma ya ngazi. Midomo ikitaka kucheza, icheze huko.

Wakashindwa mara tano, na safari hii si kwa sababu yake. Ilikuwa Staa. Bwana yule miaka yote jukwaani alijitungia maneno papo hapo, kwa hiyo ukimpa ya kukariri anapotea. Kila akifika mahali pa kuwageuzia wenzake mgongo na kubonyeza vitufe vya lifti huku akijigamba kwamba anajua umeme, kichwa kilikuwa kinafutika. Ikafika saa sita na nusu. Mwongozaji alikuwa amevua kofia.

Mara ya sita wakaanza vizuri. Dakika ya kwanza, ya tatu, ya tano. Staa akageukia vitufe. Kimya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera na pasi mkononi, roho juu. Ndipo sauti ya Staa ikatoka, nzito, yenye majigambo, neno kwa neno: "Tulieni! Mimi umeme nimezaliwa nao!" Mabega yake yakatikisika, mikono ikapepea, wakaendelea mpaka mwisho.

"Tumepata!" mwongozaji akaruka. "Staa, hapo kwenye vitufe hujawahi kusema vizuri hivyo!"

Tukapiga makofi. Fundi sauti peke yake hakupiga. Kila mwigizaji alikuwa na kimaiki kidogo kifuani, naye akavua spika zake za masikioni taratibu.

"Bosi, sauti ya Staa imeingilia kwenye maiki ya mwenye ngazi."

Mume wangu akachungulia kati ya vidato viwili vya ngazi.

"Samahani, dada. Mwenzangu alikwama kidogo."

Staa angeweza kukana, na sisi tungekuwa tumekwisha. Akajifuta jasho.

"Sikukwama, nilikufa. Huyu bwana ndiye aliyenifufua."

Mwongozaji akamsogelea mume wangu. "Na wengine unawaweza?"

Mume wangu akaitoa sauti ya muuguzi. Akamtoa mwalimu, akamtoa golikipa. Kisha, Mungu wangu, akamtoa mwongozaji mwenyewe: "Kata! Nani anatingisha midomo?" Dada wa watu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Aliponyanyuka alikuwa ameshabadilisha filamu. Taa ya lifti izimike, sauti zote zigombane gizani, na sauti zote azitoe mtu mmoja. Walipiga tukio hilo saa saba na robo, mara moja tu, na saa nane kamili lifti ilirudi kwa wenyewe.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza alasiri moja, ukumbi umejaa hadi watu wamekaa kwenye ngazi za katikati. Taa ya lifti ilipozimika, kioo kikawa cheusi tii. Muuguzi akamfokea Staa, Staa akamfokea golikipa, mwalimu akaanza kupiga mahesabu ya hewa iliyobaki. Watu walicheka wakalia, wengine wakapiga viti. Nyuma yangu kijana mmoja akamuuliza mwenzake, "Hapo anaongea nani sasa?" Mwenzake akasema ni Staa. Mwingine akabisha, ni yule mama muuguzi.

Sikuweza. Nilipanda juu ya kiti na viatu vyangu, nikapiga kelele ukumbi mzima usikie:

"Wote hao ni mume wangu!"