Mbwa wa Baba na Mzinga wa Jioni

Baba hakupenda mbwa. Alichokitaka ni usingizi, na usingizi ulimkimbia Unguja, usiku ule wa Mapinduzi mlango wetu ulipovunjwa sisi tumejificha darini. Tulipohamia Maskati alipewa jibwa kubwa la ulinzi. Lililala nje ya mlango, na baba akaanza tena kulala ndani.

Kila jioni mzinga wa ngomeni ulilia, milango ya mji ifungwe. Mbwa alikurupuka akakimbilia ukutani, akabweka. Baba naye alishtuka kila siku, kisha akacheka kwa aibu.

Jioni moja mbwa alirudi kutoka ukutani ameuning'iniza mguu wa nyuma. Daktari wa mifugo hakuwepo. Daktari mmoja wa watu, Mzungu, aliyewahi kupasua mbwa kwao, alilipapasa goti akasema kano imekatika. Akiachwa atachechemea maisha, na uzito wake utaliharibu goti la pili. Akipasuliwa huenda akapona, mradi afungiwe chumbani miezi miwili, asiruke hata mara moja. Kano ikikatika tena, basi.

"Mwache achechemee," mama alisema. "Kubweka si anabweka?"

"Kiwete hamzuii mtu," baba alijibu. "Nnataka apone."

Akapasuliwa. Tulimrudisha juu ya ubao, amelegea, ananuka dawa. Chumba pekee cha kumfungia kilikuwa ghala, na ghala lilipakana na mahali bibi aliposwalia.

"Mbwa haingii humu ndani," bibi alisema. "Mie nnaswali humu."

Baba hakubishana. Hata yeye hakuwahi kuona mbwa akilazwa chini ya dari. Alimfunga palepale nje, kamba fupi, akaikaza mwenyewe, akasema hapo hata kugeuka hawezi. Sote tuliridhika.

Jua lilipozama nilimwona mbwa amesimamisha masikio. Nilifungua kinywa nimwite baba, na mzinga ukalia.

Mbwa aliruka. Kamba ikamvuta shingo, akaangukia mguu ule ule, akatoa mlio ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Asubuhi daktari alilishika goti, akatikisa kichwa.

Tangu hapo mzinga ukilia mbwa aliinua kichwa tu. Usiku baba alitoa kiti nje, akakiweka pembeni ya mbwa, akakaa, bakora mapajani. Mama alimwita ndani mara nyingi. Sisi tulilala. Yeye alibaki hapo mlangoni, yeye na mbwa wake, wote wawili macho.