Mwongozo Uliochaguliwa kwa Pembe

Nimewahi kuwadharau watu wengi, lakini sijamdharau mtu kwa raha kama nilivyomdharau bosi wangu wakati tunachagua programu ya kujengea tovuti ya mwongozo.

Ofisi yetu ilikuwa Mukendo, Musoma mjini, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa tumetengeneza programu ya simu ya kuripoti magonjwa ya mifugo. Mhudumu wa mifugo wa kijiji akiona ng'ombe anatoka udenda, anajaza, anatuma, na daktari wa mifugo anapata habari siku hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kuandika mwongozo wa kuitumia, na wenye mradi walitaka mwongozo uwe tovuti. Programu za kujengea tovuti za namna hiyo zimejaa tele, huria, bure, anayetaka anachukua. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Bosi akaifanya ya wiki sita.

Alikuwa akichagua kwa nyota. Kule mtandaoni ambako watengeneza programu wanaweka kazi zao, anayependa programu fulani huibonyezea nyota, basi bosi akawa anatusomea nyota hizo kikaoni kama padri anayesoma matangazo ya ndoa. Programu aliyoipenda ilikuwa nazo nyingi kuliko zote. Tena ilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza, ukurasa mweupe unageuka mweusi. Alikibonyeza kile kitufe mbele yetu, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, mtu mzima na kitambi chake.

"Dunia nzima wanatumia hii," alisema. "Sisi ni nani?"

Mimi nilitaka nyingine, ndogo, nyepesi, isiyo na mbwembwe. Natamani niseme niliitaka kwa ajili ya wahudumu wa vijijini. Niliitaka kwa sababu nilikuwa naijua, na kwa sababu si yeye aliyeichagua.

Kati ya wahudumu hao alikuwemo shangazi yangu wa Butiama. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mume wake akiwa hai. Kwetu mwanamke haitwi kwenye zizi la mtu kutoa hukumu juu ya ng'ombe, ila yeye aliitwa, na wazee walimsubiri aseme. Sasa wenye mradi walikuwa wametangaza kwamba kutakuwa na mafunzo Bunda, na mhudumu atakayeshindwa kutuma ripoti ya majaribio kwa kufuata mwongozo atampisha mwingine. Shangazi aliujua mtihani huo kabla yangu. Alikuwa ameshanunua bando.

Jumamosi moja katikati ya vikao nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta ametoka kumkataa mtamba ambaye jirani alitaka kumnunua. Nilimshangaa, maana mtamba yule nilikuwa nimemwona njiani, ana pembe za kupendeza kweli.

"Pembe?" alisema. "Hata ng'ombe mgonjwa anakuwaga na pembe nzuri, mwanangu. Mimi nalalaga hukohuko kwa mwenye ng'ombe. Asubuhi naangalia anavyoamka kwenye zizi lake, anavyokunywa maji. Huko mnadani kila ng'ombe anasimamaga vizuri. Kunywa maziwa, umekonda. Mnakulaga nini huko Musoma?"

Nikanywa maziwa mgando, nikacheka, nikayabeba maneno yake hadi Mukendo kama mtu aliyeokota jiwe zuri la kumrushia mbwa.

Jumatatu nikamrushia. Kikaoni, mbele ya mgeni aliyetoka kwa wenye mradi, nikamwambia bosi kwamba kwetu kuna watu wanachagua ng'ombe kwa pembe, na watoto wao hawajui ladha ya maziwa. Mgeni akaangua kicheko. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulikuwa unacheza ngoma. Bosi hakucheka. Alifunga kompyuta yake polepole, akasema uamuzi umeshafanyika, tunatumia ile ya nyota. Hadi asubuhi ile alikuwa bado anasitasita, hata alikuwa ameniomba nimwonyeshe ile yangu baada ya chai. Mimi nilitoka pale nikijiona nimeshinda, kwa sababu mgeni alikuwa amecheka.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi mmoja Kabasa, hukohuko Bunda. Bosi alisimama mbele na projekta, mwongozo wangu ukutani mkubwa kama shuka, nyeupe, nyeusi. Kisha akawaambia wahudumu waufungue kwenye simu zao.

Programu ile ya nyota ilikuwa inashusha mzigo wake wote kwenye simu kwanza ndipo ikupe neno la kwanza. Kwenye kompyuta za ofisini hatukuwahi kuliona hilo. Kwenye simu ya shangazi, yenye kioo kilichopasuka kona, ulikuja ukurasa mweupe na kiduara kinazunguka. Akangoja. Akazima, akawasha. Kiduara kikazunguka. Wenye simu mpya walikuwa wameshafika hatua ya tatu.

Sasa niseme kitu ambacho sijakisema kokote. Nilipouona ukurasa ule mweupe, nilifurahi. Nilimtazama bosi nikawaza, leo umeumbuka, debe tupu wewe. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikiila furaha ile taratibu, nikingoja aone aibu.

Hakuona aibu yoyote. Alimwinamia shangazi, akamwambia kwa upole, "Mfumo hauna shida, mama. Shida ni simu."

"Basi niulize kwa mdomo," shangazi alisema. "Niulize ng'ombe mwenye homa ya mapafu anakuwaga vipi."

Hakuna aliyemuuliza. Furaha yangu ilipoisha, nikasimama niseme kitu, jina lake lilikuwa limeshakatwa kwenye karatasi. Nafasi alipewa mwalimu wa shule ya msingi mwenye simu nzuri, ambaye nina hakika hajawahi kushika kamba ya ng'ombe. Shangazi aliikunja khanga yake, akaniaga kwa mkono kama alivyowaaga watu wengine wote mle ukumbini.

Wiki iliyofuata nilikwenda Butiama na maneno yangu nimeyapanga. Nilimweleza yote kuhusu bosi: nyota, kitufe, kitambi, ujinga wake wa kuchagua kitu asichokijaribu kwa mtumiaji. Nilieleza vizuri sana. Ningekuwa kikaoni, mgeni angecheka tena.

Shangazi alikuwa anakamua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake haukusimama.

"Ile Jumamosi ulikaa hapa mpaka jua likazama," alisema. "Simu yangu ilikuwa juu ya kigoda, karibu na kikombe chako."

Akasogeza ndoo, akaendelea kukamua. Nilipoingia ndani, simu ilikuwepo palepale kwenye kigoda, na pembeni yake alikuwa ameshaniwekea kikombe cha maziwa.