Kengele ya Mtoto Asiyebatizwa

Kengele ya kanisa letu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mkaratusi, na kila mtu wa upande wetu wa Masukulu alijua inasema nini. Ya ibada ilipigwa upesi upesi, kama mtu anayebisha hodi huku mvua inamnyeshea. Ya msiba ilipigwa mara moja, kikafuata kimya kirefu, ndipo ikapigwa tena. Ukiisikia hiyo, unaacha ulichoshika. Mama aliacha jembe limesimama kwenye tuta, akajifunga kitenge cha pili, akakata mkungu wa ndizi wa kubeba kichwani, ndipo akauliza ni nani aliyefariki. Kwanza unaondoka, halafu unauliza. Naikumbuka rimu ile kwa wivu. Huku ninakoishi sasa habari ya kifo inaingia kwenye simu, na watu wanaandika pole huku wanatafuna.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu mjini, ambayo tangu nipate akili yalikuwa na rafu tupu, yalijaa sabuni za rangi na mabeseni ya plastiki. Marobota ya mitumba yalifunguliwa mbele ya watu, na wanawake wenye heshima zao walisukumana kama watoto wa shule. Baba alifanya kazi kiwanda cha chai na alirudi nyumbani ananukia majani makavu mpaka kwenye nywele. Mama alilima, na ndizi zake aliziuza Bagamoyo, ile Bagamoyo yetu ya Tukuyu isiyo na bahari wala samaki, ina matope na maduka tu. Mvua kwetu haikuwa na msimu wa kuheshimu. Nguo tulizikausha juu ya jiko, ndiyo maana hata kanisani sote tulinukia moshi, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mgonjwa wetu wa kudumu alikuwa bibi, mama yake baba. Alikuwa amelala chumba cha nyuma muda mrefu kiasi kwamba watu waliokuja kumwona walianza kumzungumzia kama hayupo. Shangazi mmoja alisema waziwazi, bibi akiwa macho kabisa, kwamba uji tunaomnywesha ni kumchelewesha tu, heri angeachwa apumzike. Alisema kwa huruma, sikatai, lakini mimi nilitamani kummwagia uji huo. Mama hakugombana naye. Alipuliza kijiko, akakipeleka mdomoni kwa bibi.

"Wifi, akitaka kwenda ataenda," alisema. "Mimi simfungulii mlango."

Mwaka huohuo kwaya yetu ilimpoteza msichana aliyeimba sauti ya kwanza. Alikuwa anajifunza kushona kwa fundi mmoja mjini, na alikuwa na sauti ambayo ikipanda hata wazee wa kanisa waliacha kusinzia. Alipata mimba. Kijana mwenyewe akapotelea Mbeya. Msichana akaenda kwa mtu akaitoa, na kidogo afe yeye mwenyewe. Aliporudi kutoka hospitali alitengwa: hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, na nafasi yake kanisani ikawa benchi la nyuma, karibu na mlango, pale upepo wa baridi unapoingilia.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya jambo hilo. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti lililopauka mabegani, lakini siku hiyo alipiga mimbari mpaka glasi ya maji ikaruka. Alisema uhai si mali yetu. Alisema mtoto hawi mtu siku anapozaliwa, wala siku anapobatizwa. Ni mtu tangu tumboni, na Mungu anamjua kabla mama yake hajamjua. Mama alijibu "Amina!" kwa sauti iliyonifanya nitake kuingia chini ya benchi. Wakati huo alikuwa mjamzito. Mimi niligeuka kumtazama yule msichana kule nyuma, nikaona ameinamisha kichwa, kilemba kimemfunika uso. Nilimwonea uchungu. Nilimpenda kuliko wote pale kanisani, na sikuona nani angeimba ile sauti tena.

Mimba ya mama ilikuwa furaha ya nyumba nzima, kwa sababu baada yangu mimi ilikuwa imepita miaka mingi mitupu. Katika mitumba alinunua sweta dogo la njano lenye vifungo vya umbo la bata. Alilificha chini ya godoro. Mimi nililitoa kila alipokwenda shambani, nikalipima kwenye mkono wangu, nikalirudisha. Hata bibi kule chumba cha nyuma alianza kuuliza habari za mjukuu na kula uji bila kubembelezwa. Shangazi alipoona anaomba aongezwe aliacha habari ya kumchelewesha.

Mtoto alikuja mimba ikiwa ya miezi saba, hospitalini, akiwa amekwisha kufa. Alikuwa wa kiume. Baba alimleta nyumbani kwa lori la majani ya chai, amemviringisha kwenye kitenge, akiwa amekaa mbele na dereva. Mama alirudi naye kwenye lori hilohilo. Ninachokumbuka ni jinsi alivyoshuka mwenyewe, akakataa mkono wa kila mtu.

Akina mama wa jirani walikuwa wameshafika na jembe. Wao walijua la kufanya, kwani lilifanywa hivyo tangu zamani: mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake tu, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hakuna kengele, hakuna matanga, na mama halii, maana walisema akilia tumbo litafungwa. Halafu maisha yanaendelea. Nalo kanisa liliwaunga mkono bila kukusudia, kwa sababu asiyebatizwa hakuwa na nafasi katika makaburi ya kanisa.

"Hapana," alisema mama kutoka kitandani. "Mniitie mchungaji."

Ninyi mliokulia kwingine hamwezi kujua makaburi yale yalikuwa na maana gani kwetu. Kila Pasaka, kabla ya jua kuchomoza, tulikwenda wote makaburini na maua na matarumbeta. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba uliwasikia wapigaji kabla ya kuwaona. Kila familia ilisimama kwenye makaburi yake, na jua likitokeza tuliimba kwamba Bwana amefufuka, tukiwaambia na wale waliolala pale. Mama alikuwa na watu wake wengi mle. Alichotaka ni kwamba mtoto huyu naye awe na mahali ambapo asubuhi ile mtu atasimama.

Mchungaji alikuja na viatu vyenye matope, akakalishwa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mama hakumkaribisha hata chai.

"Baba Mchungaji, ulisema ni mtu tangu tumboni. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, mama."

"Huyu wangu alikuwa tumboni. Ni mtu, au si mtu?"

Mchungaji alitazama mikono yake. "Ni mtu, mama yangu."

"Basi nataka kengele. Na nataka azikwe kule na babu zake."

Alijaribu kueleza habari ya utaratibu, kwamba hajawahi kuona jambo hilo likifanyika, kwamba angewaita wazee wa kanisa jioni wakae walizungumze. Alikuwa anasema kweli, masikini, na jasho lilimtoka katika baridi ile. Mama aligeukia ukutani. Ndipo baba, ambaye tangu ashuke kwenye lori alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kutumwa, alitoka nje. Nilidhani amekimbia. Hasira ilinipanda, nikasema moyoni kwamba wanaume ndivyo walivyo.

Baada ya muda tukasikia rimu. Mara moja. Kimya. Mara moja tena. Baba hakuwa na cheo chochote kanisani, hata kupitisha kapu la sadaka hakuwahi kupewa, na alikuwa anapiga kengele ya msiba peke yake kwa ajili ya mwanawe. Mama aligeuka kutoka ukutani, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, na jirani mmoja aliyetaka kumnyamazisha alimtazama usoni akaacha.

Kijiji kizima, bila shaka, kilijua nani amekufa. Wa kwanza kufika alikuwa mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mabonde mawili. Alianza kulia tangu barabarani, mkungu wa ndizi kichwani, akitaja sifa za bibi moja baada ya nyingine: ukarimu wake, mbalaga yake ya ndizi iliyopikwa ikaiva vizuri, jinsi alivyowapokea wakwe zake. Akapinda kona ya nyumba akamkuta marehemu ameketi kwenye mkeka, kijua kimemwangukia, anachambua maharage. Siku hiyo bibi alikuwa ametoka chumbani mwenyewe, ameshika ukuta, kwa sababu alisema hawezi kulala wakati nyumba ina msiba.

"Endelea, mwanangu," bibi alisema. "Ulikuwa umefika kwenye mapishi. Mbona unaacha?"

Mwanamke yule aliushika mkungu wake kwa mikono miwili. Nyuma yake walikuwa wanaingia wengine, na kuni, na vibuyu vya maziwa, na wote walisimama pale pale.

"Halaka ya nini na mimi?" bibi aliendelea, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa. "Mimi bado nipo. Msiba ni wa mjukuu wangu. Mama yake yuko ndani, ingieni mkamlilie. Ndaga, ndaga kwa kuja."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka huku machozi yananitoka. Watu walitazamana. Lakini mtu akishafika msibani na ndizi kichwani harudi nazo nyumbani. Waliingia. Moto ukawashwa, masufuria yakainjikwa, wanaume wakakaa upande wao, na kabla mchungaji hajapata la kusema msiba ulikuwa umeshakuwa msiba. Hata shangazi alikuwepo, amekaa karibu na bibi, anamsaidia kuchambua maharage bila kumtazama.

Baba alitengeneza sanduku kwa mbao za kasha la chai aliloletewa na wenzake wa kiwandani. Mama alimvalisha mtoto sweta la njano. Lilikuwa kubwa, likamfika miguuni. Mpaka leo nikifungua pakiti mpya ya chai nanusa kwanza, halafu nakaa kidogo.

Mchungaji alikuja na joho lake. Mzee mmoja wa kanisa alimvuta pembeni, nikasikia kwa kuwa sikujali adabu: "Baba, tunaanzisha jambo. Kesho tutaulizwa."

"Mzee wangu, mahubiri yalikuwa yangu," alijibu mchungaji. "Na wewe ulikuwepo, ulisema Amina."

Tukaenda makaburini. Yule msichana wa kwaya hakuingia. Alisimama ng'ambo ya ua wa miti, barabarani, mvua ilipoanza akabaki pale pale, na tulipotoka alikuwa ameondoka.

Pasaka iliyofuata tulipanda makaburini gizani, mama na baba na mimi, na bibi amebebwa mgongoni na baba huku akilalamika kwamba anabebwa vibaya. Mama alikuwa na maua meupe. Alisimama kwenye kaburi dogo, wima kabisa, kama watu wengine wote waliosimama kwenye makaburi yao, na sijawahi kumwona ana fahari kama asubuhi ile. Matarumbeta yalikuwa yameshaanza kule kwenye ukungu tuliposikia hatua nyuma yetu. Alikuwa yule msichana. Mkononi alikuwa na ua moja, limeminywa karibu kuvunjika.

"Dada," alisema, na ilibidi aanze tena. "Dada, samahani. Wangu hana mahali. Naomba niliweke hapa, niondoke."

Watu wa kaburi la jirani waligeuka. Nilimtazama mama, nikakumbuka ile Amina yake, na niliogopa.

"Siku ile nilisema Amina," mama alimwambia, "na leo bado naisema. Kama wangu alikuwa mtu, wako naye alikuwa mtu. Na mtu huliliwa, mdogo wangu. Umeshamlilia?"

Msichana alitikisa kichwa kwamba hapana. Nani angemruhusu?

Mama akasogea. Alisogea tu hatua moja upande wa baba, pakawa na nafasi, na msichana akaingia akasimama kati yetu. Alilia pale mpaka jua likachomoza, mama amemshika bega. Wimbo ulipoanza mama alimgusa kwa kiwiko, na ile sauti ya kwanza ikapanda, ina mikwaruzo ya kilio, na kote makaburini watu wakageuza vichwa kutafuta inatoka wapi. Bibi, mgongoni kwa baba, alisema hata yeye akifa anataka aimbiwe na huyo. Baadaye aliimbiwa, alipoamua mwenyewe kwenda.

Sasa mama na baba nao wamelala kule, huku na huku kwa kaburi dogo. Kwenda Pasaka kila mwaka siwezi. Nauli na kazi vinanishinda. Mwaka huu nilikwenda. Nilipanda kwa tochi ya simu, maua yangu ya kununuliwa kwenye karatasi, nikiwaza kwamba nitakuta majani yamefunika kila kitu. Yalikuwa yamefyekwa. Mwanamke mwenye mvi alikuwa amesimama pale, mjukuu wake amelala mgongoni, na maua meupe yalikuwa yameshawekwa juu ya makaburi yote matatu.

"Umechelewa, mwanangu," aliniambia, kwa sauti niliyoijua tangu kwaya, na akasogea.